Sanamu 100 za Bristol na jina la dada wa kazi

Jumamosi moja ya Machi 2017 wanawake wanne kutoka Afrika Mashariki walikutana katikati ya jiji la Bristol, kusini magharibi mwa Uingereza, wakaamua kutembea kwa miguu badala ya kupanda basi. Nauli ilikuwa sababu moja. Nyingine ni jua. Aliyefika Uingereza Septemba akakaa huko mpaka Machi anajua kwamba siku ya jua haifungiwi dirisha.

Mmoja wao ni muuguzi, mzaliwa wa Mandawa wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, aliyekuwa akisomea shahada ya pili ya afya ya jamii. Wa pili ni mwenyeji wa Mombasa aliyeajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku hiyo alikuja na bintiye wa miaka saba kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia. Wawili waliobaki, Mganda mmoja na msichana wa Moshi, walikuwa wanafunzi. Wote wameomba majina yao yasichapwe. Kwa habari inayohusu majina, hilo ni ombi la ajabu kidogo, lakini jina ni la mwenyewe na yeye ndiye anayeamua nani alishike.

Wazo la safari lilikuwa la muuguzi. Alikuwa amesikia kwamba kuna msanii mzaliwa wa Zanzibar anayeonyesha kazi zake mjini hapo, na kwamba kuingia ni bure. Msichana wa Moshi anakiri kuwa alikubali kwa sababu ya neno hilo la mwisho.

Njiani walivuka daraja la waenda kwa miguu lenye pembe mbili kubwa za chuma, lililofunguliwa mwaka 1999. Linaitwa Daraja la Pero. Pero alikuwa mtumwa. Mwaka 1765, akiwa na miaka 12, alinunuliwa pamoja na dada zake wawili katika kisiwa cha Nevis, huko Karibi, na mwenye mashamba ya miwa aitwaye John Pinney. Mwaka 1783 Pinney alihamia Bristol na Pero akaletwa kama mtumishi wa ndani, mtu wa kumhudumia bwana mwilini na kusubiri kuitwa. Alikufa mwaka 1798. Nyumba ya familia ya Pinney ipo bado, na sasa ni makumbusho.

Mama wa Mombasa alisoma habari hizo kwenye simu yake, wakiwa wamesimama katikati ya daraja, akasema, "Huyu si alikuwa boi wa nyumbani?" Wenzake wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Bristol ilitajirika kwa biashara hiyo. Kati ya mwaka 1698 na 1807 meli zake zilifanya zaidi ya safari 2,000 za kuchukua watumwa, na waliobebwa wanakadiriwa kufikia nusu milioni. Wengi wa hao walitoka Afrika Magharibi. Watu wa Kusini mwa Tanganyika waliuzwa kwa njia nyingine, na habari yao inakuja.

Ukumbi waliokuwa wakienda unaitwa Spike Island, pembezoni mwa bandari ya zamani. Zamani jengo hilo lilikuwa kiwanda cha kufungashia majani ya chai cha Brooke Bond. Mama wa Mombasa, aliyekulia kwenye nyumba ambayo chai na Brooke Bond vilikuwa neno moja, alifurahi sana kuliko alivyotarajia. Alisema angalau kuna kitu kimoja humo ndani anachokijua.

Walipoingia walikuta watu 100 wamesimama.

Ni mbao bapa zilizokatwa kufuata umbo la mtu, zenye urefu wa mtu mzima, zikachorwa kwa rangi kali: njano, samawati, waridi, nyekundu ya pilipili. Wanawake na wanaume weusi waliovaa mavazi ya kizungu ya karne zilizopita, kila mmoja na kitu cha kazi yake. Kuna wapiga ngoma, wafinyanzi, wachora ramani, watengeneza viatu, waganga wa mitishamba, wacheza dansi, wafunza mbwa. Hawakuwekwa ukutani. Wamesimama sakafuni kama watu kwenye harusi kabla ya chakula, na mgeni anapita katikati yao, bega kwa bega. Sauti inasikika ukumbini, muziki na maneno, ikitaja majina.

Kazi hiyo inaitwa Naming the Money. Msanii ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 kwa baba Mkomoro na mama Mwingereza. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne, na mama, ambaye alikuwa mbunifu wa vitambaa, akarudi naye Uingereza. Malaria imeondoa wengi katika familia za pwani, na katika familia hii iliondoa baba, nchi na lugha kwa mara moja. Haishangazi kwamba katika kazi zake Himid amerudi mara nyingi kwenye kanga, nguo inayovaliwa ikiwa na maneno.

Sanamu hizo alizionyesha kwa mara ya kwanza Newcastle mwaka 2004. Chimbuko lake ni picha za kale za watawala na matajiri wa Ulaya, ambamo mara nyingi pembeni, nyuma ya kiti au chini kwenye giza, kuna kijana mweusi ameshika sinia, kasuku au mbwa. Bwana anajulikana kwa jina na cheo. Kijana hajulikani. Himid aliwatoa pembeni akawaleta katikati ya chumba.

Dakika kumi za kwanza mambo hayakwenda vizuri. Msichana wa Moshi alisema hata mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuchora vile. Mganda aliuliza kama kuna mahali pa kukaa. Hili ni jambo la kawaida kabisa, na si dalili ya ushamba. Sanaa ya kisasa huonyeshwa mara nyingi kana kwamba mgeni ameshaambiwa habari yake nyumbani, na maandishi ya ukutani huandikwa na watu wanaoandikiana wenyewe kwa wenyewe. Mtu akienda peke yake anaona aibu kusema hajaelewa. Akienda na marafiki, mmoja anasema, na ukumbi unafunguka.

Aliyeufungua siku hiyo alikuwa yule mtoto. Watu wazima walikuwa wakitazama nyuso na nguo. Yeye, kwa urefu wake na kwa tabia ya watoto, alizunguka nyuma. Huko nyuma kila sanamu imebandikwa karatasi, mfano wa ankara, na juu yake mistari mitano mifupi: jina la mtu huyo, jina wanalomwita sasa, kazi aliyokuwa akiifanya kwao, kazi anayofanyishwa hapa, na mwisho, kitu alichobaki nacho, ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Ndio kwanza alikuwa amejua kusoma vizuri, na mtoto aliyejua kusoma husoma kila kitu mpaka maandishi ya kwenye sabuni. Akasoma ya kwanza kwa sauti, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akamwita mama yake.

"Mama, huyu ni mtu mmoja ama ni wawili?"

Mama akamwambia ni mmoja, ana majina mawili.

"Kwa nini hawakumwita lile la kwanza?"

Mama alianza kujibu, akaacha. Muuguzi wa Mandawa, aliyekuwa hatua mbili nyuma yao, alikwenda kukaa chini karibu na ukuta. Wenzake walidhani amechoka.

Alikuwa amekumbuka wodi. Miaka minne kabla ya hapo alifanya kazi katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Usiku mmoja aliletwa msichana mwenye homa kali, amepoteza fahamu, amekwishapata degedege mara mbili njiani. Aliyemleta ni mama mwajiri wake, mwanamke msafi, mstaarabu, aliyekuwa na wasiwasi wa kweli na aliyelipa kila alichoambiwa. Muuguzi akachukua faili akauliza, mgonjwa anaitwa nani?

"Dada," yule mama akasema.

Jina lake kamili?

Mama akafikiri. Akasema nyumbani wanamwita Neema. Baba yake nani? Hajui. Umri? Labda 16, labda 18. Anatoka wapi? Kusini huko, aliletwa na mtu. Ana kifafa? Ana selimundu? Kuna dawa inayomdhuru? Amekunywa dawa gani tangu homa ianze? Ana ujauzito? Kwa kila swali mama alizidi kuinamisha kichwa. Msichana alikuwa amekaa naye miaka miwili. Alijua namna anavyopika wali na namna mtoto wake wa mwisho anavyokataa kulala bila yeye.

Faili likaandikwa Neema, na nyuma yake ukoo wa mwajiri.

Msomaji asiyefanya kazi hospitali anaweza kuona hilo ni suala la adabu tu. Wauguzi wanaliona kwa jicho jingine. Jina, jina la baba na umri ndivyo vinavyofunga mgonjwa na sampuli yake ya damu, majibu yake ya maabara na dawa yake. Mgonjwa wa malaria kali anaweza kuhitaji kuongezewa damu usiku huohuo, na kabla chupa haijatundikwa jina la kwenye chupa husomwa pamoja na jina la mgonjwa. Akiwepo mgonjwa mwingine wa jina hilohilo, wodi ikajaa, zamu ikabadilishwa, kosa linakuwa jirani. Tena mgonjwa aliyeandikwa kwa jina la kupewa hana historia. Kadi yake ya zamani, kama ipo, iko kwa jina lingine katika zahanati ya kijijini. Na ikitokea amefariki, hakuna anayejua apigiwe nani simu.

Msichana yule hakufariki. Siku ya tatu alifumbua macho. Muuguzi akamwinamia akamuuliza, kama inavyoulizwa kwa kila anayezinduka ili kujua akili imerudi: unaitwa nani?

Msichana akamtazama. Akauliza, "Lipi?"

Daktari wa zamu alidhani bado amechanganyikiwa.

Hayo ndiyo aliyowasimulia wenzake baadaye, kwenye mgahawa wa hapohapo ukumbini, juu ya vikombe vinne vya chai na kimoja cha maziwa. Msichana wa Moshi, yule wa darasa la sita, ndiye aliyetaka warudi ndani kuangalia tena. Walirudi. Safari hii wote walianzia nyuma.

Mama wa Mombasa naye alikuwa na lake. Kazini kwake, kwenye ile nyumba ya wazee, jina lake la silabi nne lilimshinda msimamizi wiki ya kwanza, likakatwa likabaki silabi moja, likachapwa kwenye beji. Hakugomba. Wazee wanampenda kwa jina hilo na mmoja, bibi wa miaka 91, hulitaja usingizini. Anasema halimuumi. Kinachomuuma ni kwamba hakuna aliyewahi kuuliza lilikuwa limeanzaje.

Ni rahisi kutoka kwenye maonyesho kama hayo ukiwalaani Wazungu na ukaishia hapo. Mtu wa Kusini hawezi kuishia hapo. Karne ya 19 misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa ilipita katika nchi za Wayao na Wamwera kushuka Kilwa Kivinje, na sehemu kubwa ya watumwa waliofikishwa Zanzibar walipitia Kilwa. Waliowaongoza walizungumza Kiswahili. Waliponunuliwa walipewa majina mapya: Mabruki, Feruzi, Uledi. Ni majina mazuri, ya baraka na ya johari, aliyopewa mtu ambaye siku hiyo alikuwa amepoteza baraka zake zote.

Anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa kwa nguo, akapelekwa India. Aliporudi Afrika alikuwa mtu huru, na ndiye aliyewaongoza Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, baadaye Stanley na Cameron. Wazungu waliandika vitabu wakamsifu ndani yake. Mwezi mzima mtu anaweza kusoma vitabu hivyo asikute jina alilopewa na mama yake. Limepotea. Linalojulikana ni jina la mji alikopelekwa utumwani.

Wamisionari nao walikuwa na daftari lao. Mwaka 1876 Misheni ya Vyuo Vikuu iliwaweka Masasi, jirani kabisa na Nachingwea ya leo, watu waliokombolewa kutoka utumwani ambao walikuwa wakipelekwa kuelekea Nyasa. Kwa ubatizo walipata majina ya Kiingereza na ya Biblia. Wajukuu wao wanayabeba hadi leo na wengi wanayapenda, na wana haki.

Kubadilisha jina si jambo geni Mandawa. Muuguzi alipowaeleza wenzake hili, Mganda alishangaa. Kwa Wamwera, kama kwa Wayao na Wamakonde, mtoto aliyekwenda jandoni au unyagoni hurudi na jina jipya, na kumwita kwa lile la utotoni ni kumtukana. Huenda jina hilo ni la babu, au la somo wake aliyemfunda. Mtu anaweza kufa na majina matatu na akazikwa kwa heshima ya yote. Lakini kila jina hapo linatolewa na mtu anayemjua mtoto, mbele ya watu wanaomjua, kwa sababu mtoto amekua. Neema wa wodini alipewa jina kwa sababu lake lilikuwa gumu kutamka, au refu, au la kienyeji mno kwa wageni wa sebuleni. Hakuna aliyekua.

Na huko nyumbani kwetu Waafrika, jina lenyewe mara nyingi ni la msichana aliyetangulia. Anaondoka Mary, anakuja mwingine, anarithi godoro, ndoo, kikombe cha plastiki na jina. Watoto wameshalizoea.

Wapo wanaosema maonyesho ni anasa ya wenye muda. Madaktari wengine hawaoni hivyo. Mwaka 2018 huko Montreal, Canada, madaktari walianza kuwaandikia wagonjwa cheti cha kuingia bure kwenye jumba la sanaa la jiji, wao na wanaowauguza. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya, lilitoa mapitio ya zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, yakaonyesha kwamba sanaa ina mchango katika kuzuia maradhi na kuwasaidia wanaougua. Hakuna anayesema sanamu itatibu malaria. Lakini saa mbili za kutembea polepole na watu unaowaamini, mkitazama kitu kinachowalazimu kuzungumza, ni saa mbili ambazo mama wengi wa mjini hawazipati kwa mwaka mzima. Kwa anayeishi Dar es Salaam hakuna haja ya viza: kuna Makumbusho ya Taifa, kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, na kuna wachongaji wa Mwenge, wengi wao watu wa Kusini, ambao kazi zao hununuliwa na kusafirishwa ulimwenguni bila jina la mchongaji. Mtoto apelekwe, na aachwe azunguke nyuma.

Desemba ya mwaka huohuo Himid alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya kisasa Uingereza, na maonyesho ya Spike Island yalikuwa miongoni mwa kazi zilizomfikisha hapo. Alikuwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Wanawake wanne walirushiana habari hiyo usiku kwenye kundi lao la WhatsApp kama watu ambao timu yao imechukua kombe.

Lakini kabla ya Desemba, jioni ileile ya Machi, muuguzi alimpigia simu mama yake mdogo aliyeko Mandawa. Ilibidi kwanza amtumie ujumbe asogee kwenye mwembe, ndipo mtandao unaposhika.

Mama mdogo aliondoka Mandawa akiwa na miaka 15, mwishoni mwa miaka ya 1980. Daraja la Mkapa halikuwapo, lilikuja kufunguliwa mwaka 2003, na masika yakikaza magari yalilala Ndundu siku kadhaa yakisubiri kivuko cha Rufiji. Alifika Dar es Salaam siku ya sita, miguu imevimba. Aliyempokea alimtazama, akasema mbele ya watoto, "Huyu ndiye Mary mpya."

"Nilikuwa Mary miaka minne," alisema kwenye simu. Hakusema kwa uchungu. Muuguzi anasema angependa angesema kwa uchungu.

Alipomsimulia kuhusu sanamu 100 na ile karatasi ya mgongoni, mama mdogo aliuliza maswali ya mtu mwenye akili ya kazi: mbao gani, nani alizibeba, wanalipwa hao wanaozilinda? Kisha akanyamaza, na kuku wakasikika. Kisha, bila kuombwa, akajaza mistari yake. Jina alilotoka nalo unyagoni, la bibi mzaa baba. Mary. Nyumbani alikuwa akifinyanga vyungu na bibi huyo, na vyake vilikuwa havivuji. Mjini alifua, akapika, akalea. Na alichobaki nacho ni viwili: kushona, maana alijifunza kwa kuiba nafasi kwenye cherehani ya mama mwenye nyumba mchana watoto wakilala, na leo nusu ya sare za shule ya msingi pale kijijini zimepita mkononi mwake, na mtoto wa mwisho wa nyumba ile, mvulana aliyemlea tangu ana wiki mbili, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, na kila sikukuu hampitishi. Humpigia. Humtumia chochote. Humwita Aunt Mary.

Kwa mzazi anayeajiri, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Kitu cha kwanza kabisa kinachotakiwa kwenye karatasi hiyo, kabla ya mshahara na saa za kazi, ni jina, kisha umri, anwani ya kudumu na jinsi. Karatasi ya daftari inatosha. Ongezea hapo jina la mzazi au ndugu na namba yake, ugonjwa alio nao na dawa inayomdhuru, uipige picha kwenye simu hiyohiyo unayosomea. Siku atakapoanguka saa nane usiku muuguzi atauliza hayohayo, kwa mpangilio huohuo.

Idi iliyofuata yule kijana alipiga simu kama kawaida. Walisalimiana, wakaulizana ufuta umetokaje, mama yake anaendeleaje na sukari. Karibu na kuaga, mama mdogo akamwambia, "Mwanangu, Mary lilikuwa jina la msichana aliyekuwepo kabla yangu. Mimi siitwi hivyo."

Upande wa pili kulikuwa kimya, kirefu kiasi kwamba alidhani salio limekwisha. Kisha kijana akauliza anaitwa nani. Akaambiwa. Akajaribu kulitamka, akakosea, akajaribu tena. Akauliza linaandikwaje, na mama mdogo, amesimama chini ya mwembe na simu sikioni, akamtajia herufi moja moja.